Kutunga Tamthilia ya Nyimbo Mombasa: Kuanzia Fumbo Hadi Jukwaani

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na nyimbo kumi na tatu, zote tamu. Kila wimbo ulipoanza, hadithi ilisimama kama matatu inayongoja abiria wa mwisho. Watu walipiga makofi, wakaimba na sisi, na kufika wimbo wa tisa nusu yao walikuwa wameshatoka kutafuta viazi karai. Nilichokuwa nimetunga ni kaseti yenye watu wanaozungumza katikati. Haya ninayoandika hapa ni hatua ninazofuata siku hizi. Ili tuelewane nitatumia hadithi moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho.

Hadithi yenyewe: Mwanakombo anauza mahamri na mbaazi karibu na kivuko cha Likoni. Amekata pasipoti kwa siri, wakala amemuahidi kazi Saudia, na mamake hajui lolote.

Hatua ya kwanza: tafuta hadithi yenye mahali pa kuimbia

Si kila hadithi inataka nyimbo. Ukiwa na kisa cha watu wawili wanaogombania hati ya shamba ofisini, andika mchezo wa maneno na upumzike. Mimi hujiuliza mambo mawili. Je, kuna mtu anayetaka kitu kwa nguvu na hawezi kukisema wazi? Na je, katika maisha ya kawaida ya watu hawa kuna mahali watu huimba? Mwanakombo ana yote mawili. Siri anayo. Na mtaani kwake kuna harusi, kuna ngoma ya vugo, kuna maulidi, kuna utingo anayeita abiria kwa mahadhi ambayo hata yeye hajui ni mahadhi. Nusu ya muziki wako uko nje ya dirisha, kwa hivyo kabla ya kugusa kibodi nenda kivukoni na simu, urekodi.

Hatua ya pili: andikianeni

Kazi hii ina watu watatu: wa hadithi na mazungumzo, wa maneno ya nyimbo, na wa muziki. Mtu mmoja anaweza kubeba zote, lakini mara nyingi mnakuwa wawili au watatu, na mara nyingi ni marafiki. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Huko kwenye biashara ya michezo ya Broadway, New York, desturi iliyozoeleka ni kugawana theluthi moja moja. Nyinyi gawaneni mnavyopenda, bora iwe kwenye karatasi yenye sahihi kabla ya wimbo wa kwanza kupendwa na mtu.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi inalindwa pale inapoandikwa au kurekodiwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kujiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima, ila husaidia siku mtu akikuruka. Ukitaka kutumia wimbo wa taarabu wa mtu, hata ubeti mmoja, omba ruhusa. Nyimbo za jadi nazo si za bure kama tunavyodhani: tangu 2016 kuna sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Ukichukua wimbo wa wazee wa kaya za Wamijikenda, nenda ukawaone wazee wenyewe.

Hatua ya tatu: wimbo umrushie mtu

Hapa ndipo penye kazi.

Vitabu vya Wamarekani huitaja sana tamthilia ya nyimbo Oklahoma! ya Rodgers na Hammerstein, iliyofunguliwa New York mwaka 1943, kuwa ndiyo iliyowafundisha watunzi kufanya wimbo usukume hadithi badala ya kuipumzisha. Sawa. Lakini mji huu ulikuwa na vyama vya akina mama vya ngoma ya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kupigana vijembe. Wimbo ukiimbwa upande huu, upande ule wanajua umeimbiwa nani, na jibu linatungwa. Huo ni wimbo unaofanya jambo. Mwanamke anayesimama harusini na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, yaani kumtuza pesa, mstari ule ule unaomchoma jirani yake unapoimbwa, ameshaigiza onyesho zima bila kufungua mdomo.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: kila wimbo uwe na anayeurusha na anayeupokea, na huyo anayeupokea abadilike kabla ya kiitikio cha mwisho. Wimbo usio na mlengwa naukata, hata kama ndio ninaoupenda kuliko zote. (Nina daftari zima la nyimbo nilizozikata. Siku moja nitazifanyia albamu ya maombolezo.)

Angalia jinsi inavyofanya kazi. Katika mfano wetu mama hajui habari ya pasipoti. Ningeweza kumleta jirani amwambie kwa maneno, dakika mbili, basi. Badala yake naweka harusi. Bendi inapiga, mwimbaji anaimba wimbo wa taarabu kuhusu mashua iliyong'oa nanga usiku, mwenyewe akiwa amelala. Watazamaji wanadhani ni wimbo wa harusi tu. Kwenye ubeti wa tatu Bi Mwanaisha, jirani, anainuka. Anatembea taratibu, noti ya mia mbili imekunjwa kati ya vidole, na badala ya kumtazama mwimbaji anamtazama mama yake Mwanakombo. Anatunza. Mama anacheka pamoja na wenzake. Kisha kicheko kinaganda. Kiitikio kinarudi, kile kile, mahadhi yale yale, na sasa ukumbi mzima unajua kwamba mama ameelewa. Hakuna aliyesema "pasipoti".

Kabla ya kutunga noti hata moja, chukua karatasi, andika orodha ya matukio, na mbele ya kila tukio uandike kama watu wanazungumza au wanaimba. Wakiimba, andika nani anamrushia nani na nini kinabadilika. Mchezo wa dakika 90 unabeba nyimbo kumi na mbili hadi kumi na tano, pamoja na zile fupi zinazorudiwa. Wimbo wa tatu hivi uwe wa tamaa, yaani mhusika mkuu atuambie anataka nini. Ukichelewa kuuleta, watu hawatajua wamuombee nini.

Hatua ya nne: maneno, mizani na mkazo

Watu huniuliza kama naanza na muziki au maneno. Kwa Kiswahili, maneno. Sababu si heshima ya washairi. Lugha yenyewe imeshakupangia nusu ya mapigo.

Huu ni ubeti wa wimbo wa tamaa wa Mwanakombo, asubuhi, feri ikiondoka:

Feri yawavusha watu, asubuhi na usiku
Mfukoni sina kitu, ila pasi na shauku
Moyo wasema thubutu, miguu yabaki huku

Mizani nane kwa nane, vina vya tu na ku, mistari mitatu kama taarabu inavyopenda. Sasa usome kwa sauti na upige kidole mezani kwenye silabi nzito. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Maana yake, kama kipande chako kina mizani nane na kinaishia kwenye neno la silabi mbili au zaidi, mizani ya saba itakuwa nzito daima: WA-tu, u-SI-ku, KI-tu, sha-U-ku, thu-BU-tu, HU-ku. Hiyo mizani ya saba ipe pigo zito la kipimo (fungu moja la mapigo), na wimbo wako utaeleweka hata spika zikikoroma. Mizani ya kwanza hadi ya sita ndimo unamoweza kucheza: mara mkazo uko wa kwanza, mara wa tatu, mara wa tano. Usilazimishe beti zote zifanane humo, maana hapo ndipo mahadhi yanapopata uhai.

Mtego uko kwenye "mfukoni". Ile m ya mwanzo ni mizani kamili, ina noti yake, lakini hakuna mwimbaji anayeweza kuivuta kama irabu. Ipe noti fupi kabla ya pigo. Hivyo hivyo kwa m-tu, n-chi, m-vu-a. Tofauti na mbu-zi, ambayo ni mizani mbili tu, kwa sababu mb hapo ni sauti moja. Mtunzi asiyejua hili humpa mbuzi noti tatu na mbuzi anageuka kuwa kitu kingine.

Kosa langu kubwa la mkazo lilikuwa kwenye neno "barabara". Wenzi wawili wanapatana baada ya ugomvi mrefu, kwaya inaimba "wamepatana barabara". Ukitaka maana ya sawasawa, mkazo uko kwenye ra ya kwanza: ba-RA-ba-ra. Mimi nilitua pigo kwenye ba ya pili, kama tunavyosema njia ya magari. Onyesho lilikuwa la kutoa machozi. Kijana wa safu ya mbele akamuuliza mwenzake kwa sauti, "Wamepatana barabara gani, ya Nyali?" Kwisha.

Raha yetu ni kwamba Kiswahili hakina toni, kwa hivyo mahadhi yanaweza kupanda na kushuka utakavyo bila kugeuza maana. Ukiingiza maneno ya Kidigo au Kigiriama, mambo ni mengine, maana lugha hizo zina toni. Keti na mzungumzaji, mwambie aseme mstari mara tano, ufuate sauti yake. Na ukiamua wahusika wako waseme Kimvita, lahaja ya Mombasa, shikilia hapo hapo. Aliyesema "mato" katika wimbo wa pili asiseme "macho" katika wimbo wa kumi, isipokuwa amehama mtaa. Kimvita kinakupa na zawadi pia: "kuteka" kwa Kimvita ni kucheka, kwingine ni kuchota maji au kumkamata mtu nyara. Mshairi mzuri hawezi kuipita hiyo.

Onyo moja. Ukiandika mchezo mzima kwa nane kwa nane, kufika nusu saa watu wanasinzia. Mimi huwapa wanaoficha jambo mizani kamili iliyopangika. Siri ikifichuka, arudhi inavunjika nayo: mistari mifupi, kina kinapotea, muziki unabaki bila maneno kwa vipimo viwili.

Hatua ya tano: kila mtu na ngoma yake

Todd Matshikiza alipotunga muziki wa King Kong, tamthilia ya nyimbo ya Afrika Kusini iliyofunguliwa Johannesburg Februari 1959, hakwenda kuazima sauti ya mbali akaacha ya nyumbani. Aliutumia muziki wa vitongoji vya mji ule. Sisi tuna ghala kubwa zaidi na mara nyingi tunalifunga, tunakwenda kuiga nyimbo za katuni.

Wagawie wahusika. Mwanakombo nimempa chakacha, ambayo mapigo yake sita yanagawika mara mbili au mara tatu. Akiwa na uhakika besi inahesabu mbili; akiwa na shaka inahesabu tatu, huku ngoma hazibadiliki. Msikilizaji hajui nini kimetokea, lakini mwili wake unajua. Utingo wa Ukunda ninampa sengenya ya Wadigo, na zumari kama una bahati ya kumpata mpigaji. Mama nimempa taarabu ya udi, ile ya upande wa Kiarabu aliyoishikilia marehemu Zein l'Abdin. Wakala, mwenye ahadi nyingi, ana taarabu ya mahadhi ya Kihindi, mtindo uliompatia Juma Bhalo mashabiki mji mzima. Si kwamba mtindo huo una kosa. Ni kwamba wakala anajua unapendwa.

Hapo kuna jambo la kiufundi. Kwenye kibodi ya kawaida ngazi ya Kiarabu iitwayo Hijazi inapigika: anza D, E ya flati, F ya shapu, G, na kila mtu atatambua yuko pwani. Rasti na Bayati, ngazi nyingine za Kiarabu, zina noti zinazokaa katikati ya vitufe viwili. Udi hauna vizuizi shingoni, hivyo unazifikia. Fidla na sauti ya mtu pia. Kibodi haiwezi, mpaka iwe ile inayokubali kushushwa noti robo. Suluhisho langu ni rahisi: Rasti ikiingia, kibodi inanyamaza. Nimesikia bendi zikipiga vyote pamoja. Ni kama kuweka kidole kwenye mlango.

Bendi ya watu watano inatosha: kibodi, udi, fidla au akodiani, besi, na mtu wa dumbaki na matari. Ngozi hulegea kwa unyevu wa huku, hasa miezi ya masika. Mpe mpigaji nafasi ya kuzikausha ngoma kabla ya pazia, na usimwekee wimbo wa kasi mwisho kabisa.

Hatua ya sita: tungia sauti ulizo nazo

Usimalize wimbo kabla ya kumsikia atakayeuimba. Mwanamke ambaye hajasomea uimbaji, akitumia sauti ya kifua, wengi wanakuwa salama kuanzia A iliyo chini ya C ya kati hadi C inayofuata juu. Zaidi ya hapo umuulize mwenyewe, na umuulize saa tatu usiku baada ya mazoezi, si saa kumi jioni akiwa mbichi. Noti ya juu kabisa iweke kwenye a au o. I na u huko juu hubana koo. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kwa hivyo mwisho wa mstari unaweza kuvutwa bila taabu. Ukichagua kina cha -ka au -wa kwa kilele cha wimbo, umemrahisishia kazi.

Hatua ya saba: karatasi

Wanakwaya wengi hapa hawasomi noti za mistari mitano lakini wanasoma solfa (do, re, mi) kama gazeti, kutoka shule na kanisani. Andika sehemu za kwaya kwa solfa. Mpiga kibodi mpe noti za kawaida. MuseScore ni programu ya bure na inatosha. Mzee wa udi usimpe karatasi yoyote. Mtumie sauti kwa WhatsApp, umuimbie wewe mwenyewe hata kama sauti yako mbaya, kisha umwache. Atakurudishia kizuri kuliko ulichomtumia.

Usisahau muziki wa chini ya maneno na wa kubadilishia jukwaa. Vipimo vinne vinavyoweza kuzunguka bila mwisho vitakuokoa siku mwigizaji atakapokwama nyuma na kilemba.

Hatua ya nane: wasomee watu

Kabla ya kukodi chochote, kusanya watu kumi sebuleni, wawe na umri tofauti, wasiwe ndugu zako watupu. Wewe na kibodi, waigizaji na karatasi. Hakuna mavazi, hakuna maelezo. Keti mahali unapoona nyuso zao na uandike dakika ambayo simu ya kwanza inatolewa. Usiwaulize kama wamependa, maana watakwambia mashallah nzuri sana, wanywe chai waondoke. Waulize: mama alijua lini? Kama watatu wanakupa majibu matatu, wimbo wa harusi haujafanya kazi yake.

Hatua ya tisa: mazoezi na ukumbi

Wiki nane, mara tatu kwa wiki, ndizo zilizonitosha kwa watu wenye kazi zao. Kwenye bajeti tanguliza nauli. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini matatu za kutoka Kisauni na Ukunda si za bure, na mwigizaji asiye na nauli hatakwambia, atasema anaumwa. Ramadhani usipange kitu. Panga mazoezi ukijua saa za adhana: Magharibi inapoadhiniwa ala zote zinawekwa chini, na mimi huifanya hiyo kuwa mapumziko ya chai badala ya kugombana na saa.

Kuhusu kumbi, Little Theatre Club ina jukwaa lililojengwa kwa ajili ya michezo, jambo ambalo huku si dogo. Ngome ya Fort Jesus ina kuta ambazo fundi yeyote wa jukwaa angezionea wivu, lakini nje upepo wa baharini unaiba konsonanti zote na unabaki na irabu. Ukicheza nje, maikrofoni za mavazini si anasa, na uulize ofisi ya kaunti mapema kuhusu kibali cha kelele. Popote utakapokuwa, stima itapotea siku moja. Ukumbi mmoja waliniapia kwamba jenereta iko tayari. Ilikuwepo kweli, haikuwa na mafuta. Tangu hapo kila mchezo wangu una wimbo mmoja unaoweza kuimbwa gizani kwa matari na makofi tu, na kila mwigizaji anajua kuwa taa zikizima tunaingia kwenye huo.

Hatua ya kumi: usiku wa kwanza, kisha kisu

Usiku wa kwanza usipige kibodi mwenyewe kama unaweza kumpata mwingine. Simama nyuma kabisa, karibu na mlango, na daftari. Weka alama pale watu wanapokohoa. Weka alama pale akina mama wanapogongana viwiko. Tuliposoma mfano huu wa harusi mbele ya watu kwa mara ya kwanza, Bi Mwanaisha alipoinuka na noti, bibi mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha tatu alisema, "Ee, kamtunzia nani huyo?" Nikajua ubeti wa nne, niliouandika kueleza yaliyotokea, hauna kazi tena. Kesho yake asubuhi nilimpigia mwimbaji kumwambia ameshapunguziwa mistari mitatu.